Zabibu Nyeupe Isiyo na Jina

Nchi yetu ina zabibu mbili zinazostahili kuitwa za taifa. Moja ni nyekundu, nayo imepewa jina la Makutupora, mahali pale pale kilipo kituo cha utafiti wa zabibu, kaskazini ya mji wa Dodoma katika barabara iendayo Arusha. Ya pili ni nyeupe. Hii haikupewa jina la kijiji wala la kilima chochote cha Ugogo. Hadi leo inaitwa kwa jina lake la Kifaransa, Chenin Blanc, jina ambalo wakulima wenyewe hulitamka kwa namna tatu au nne, na aghalabu huliacha kabisa wakasema tu "ile nyeupe." Ni hiyo ile nyeupe ninayokusudia kuihakiki hapa. Nyekundu imekwisha kupata watetezi wake. Tena katika mvinyo mwekundu kasoro nyingi hujificha nyuma ya rangi na ukakasi wa maganda, ilhali mweupe hauna pa kujificha. Ukitaka kujua kama watu wanaijua kazi ya mvinyo, waombe wakumiminie mweupe.

Nimwondolee msomaji utata mmoja kabla sijaendelea. Siku hizi jina la Makutupora hutajwa sana kwa ajili ya reli mpya, kile kipande kitokacho Morogoro. Makutupora hiyo ya reli iko Manyoni, mkoani Singida. Ninayoizungumza mimi ni ya Dodoma, ambayo vijana wengi huijua kwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, na wazee huijua kwa visima vya maji. Visima hivyo nitavirudia.

Husemwa mara kwa mara, hasa na wasomi wetu, kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuhakiki mvinyo. La hasha! Kiswahili kina maneno mawili ya kinywaji chenyewe, na kila moja lina historia yake: mvinyo tuliupata kwa Wareno, na divai tuliipata kwa mapadre wa Kifaransa, ndiyo maana mpaka leo divai hunukia kanisa na mvinyo hunukia baa. Dodoma wameongeza neno la tatu, mchuzi, yaani zabibu iliyokamuliwa ikiwa bado haijawa bidhaa ya chupa. Ama kuhusu ladha, tunayo maneno maridhawa. Ukakasi ni kule kukauka kwa ulimi kama uliyetafuna ndizi mbichi. Uchachu ni wa kitu kilichochacha, na mara nyingi ni dalili ya ubovu. Ugwadu ni tofauti kabisa na uchachu. Huo ni ukali safi wa tunda, wa embe bichi au wa ukwaju, ukali unaofanya mate yajae kinywani na mtu atamani kuonja tena. Sijaona neno linaloifaa zabibu hii kuliko hilo. Chenin Blanc ni zabibu ya ugwadu. Ikiondolewa ugwadu, kinachobaki ni maji matamu yenye kileo.

Na mtu wa Dodoma hahitaji kufundishwa ugwadu. Amekulia chini ya mibuyu. Amemung'unya ubuyu tangu utotoni, na anajua kwamba ubuyu mzuri si ule uliopakwa sukari na rangi nyekundu wanaouuza pwani, bali ule mweupe mkavu, unaokwaruza kidogo ulimi kisha ukaacha utamu wa mbali. Mvinyo mweupe mzuri wa Dodoma una ladha ya jamaa hiyo hiyo. Nimeuonja mara chache, na nitaeleza kwa nini ni mara chache.

Zabibu hii asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa, karibu nyuzi 47 kaskazini ya Ikweta. Huko wana vijiji vinavyojulikana dunia nzima kwa zabibu hiyo hiyo moja, na kila kijiji kina tabia yake. Savennières hutoa mvinyo mkavu, mkali, unaotaka kusubiriwa miaka. Vouvray hutoa mkavu, mtamu kiasi, mtamu kabisa, na hata wenye mapovu, kulingana na jinsi mwaka ulivyokuwa. Huko Coteaux du Layon huziacha zabibu mtini mpaka ukungu fulani uzinyonye maji, ndipo wapate mvinyo mtamu kama asali ambao bado una ugwadu wa kuushikilia usimkinaishe mnywaji. Mfaransa akiona jina la kijiji kwenye chupa amekwisha kujua nusu ya habari.

Afrika ya Kusini nako imekaa muda mrefu. Wazungu wa Rasi walianza kupanda mizabibu mwaka 1655 na mvinyo wao wa kwanza ukapatikana mwaka 1659. Zabibu nyeupe waliyoilima kuliko zote waliiita Steen, na kwa karne nyingi hawakujua kwamba ni Chenin Blanc yenyewe, mpaka wataalamu walipoitambua katika miaka ya 1960. Hadi leo ndiyo inayoongoza kwa eneo katika nchi ile. Hata hivyo, kwa muda mrefu waliidharau. Nyingi iliishia kuwa brandi, na nyingine ikaingia katika mvinyo mtamu kiasi wa bei nafuu. Mmoja wa namna hiyo uliitwa Lieberstein. Ulitolewa mwaka 1959, na kufikia mwaka 1964 ulikuwa ukiuzwa kiasi cha lita milioni 31 kwa mwaka. Ilikuwa biashara kubwa ajabu, lakini aliyeunywa hakujua zabibu yake imetoka bonde gani, wala hakuna aliyemtaka ajue. Ilibidi kizazi kingine kije, katika miaka ya karibuni, kutafuta ile mizabibu mikongwe ya Swartland na Stellenbosch na kuweka majina ya mashamba kwenye chupa, ndipo watu waanze kuiheshimu.

Naikumbusha habari hii kwa sababu sisi tuko pale pale walipokuwa wao wakati wa Lieberstein, isipokuwa hatuna hizo lita milioni 31.

Dodoma iko nyuzi sita tu kusini ya Ikweta, juu ya uwanda wa mita kama 1,100. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, nayo kwa mwaka mzima ni milimita 500 au 600 hivi, ikiamua kuja. Wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu kwa ajili ya divai ya misa, na Bihawana, katika barabara ya Iringa, ndiyo inayotajwa kila mara kuwa chimbuko. Serikali nayo iliingia katika kazi hii baada ya uhuru. Kulikuwa na kampuni ya umma, DOWICO, ambayo watu wa rika langu wanaikumbuka kwa chupa zake, na ambayo haipo tena. Baadaye yakaja makampuni ya watu binafsi, mengine ya wenyeji na mengine ya Waitalia, kama lile la CETAWICO huko Hombolo.

Wageni hushangaa zaidi jambo moja, na sisi tumelizoea kiasi cha kutoliona: hapa mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ulaya kuna baridi kali, mti hupukutisha majani na kulala, kisha huamka mara moja tu. Kwetu mti haulali. Mkulima ndiye anayeulaza kwa mkasi. Akipogoa, mti huchipua, na baada ya miezi kama minne anavuna. Basi yapo mavuno ya wakati wa mvua, Februari na Machi, na yapo mavuno ya kiangazi, Agosti na Septemba.

Mavuno hayo mawili hayafanani hata kidogo. Chenin Blanc ina vishada vilivyobanana, punje na punje, na ganda lake ni jembamba. Mvua ikinyesha, maji hukaa katikati ya kishada, maradhi ya ukungu huingia, punje hupasuka na kuoza, na mkulima anayeogopa kupoteza yote huvuna kabla sukari haijafika. Anachopata ni tunda jingi, zito, lenye maji. Kiangazi ni kinyume chake. Mchana jua ni kali lakini hewa ni kavu, na usiku wa Juni na Julai ni wa kujifunika blanketi. Baridi hiyo ya usiku ndiyo inayoulinda ugwadu usipotee wakati jua linajaza sukari. Tunda huwa dogo, na kila kitu ndani yake kimekolea.

Nilimwuliza mzee mmoja pale Makutupora kuhusu tofauti hiyo. Baada ya "mbukwa" na habari za nyumbani, alinipeleka mpaka kwenye mstari wa mizabibu iliyopogolewa, akaushika mti mmoja kama mtu amshikaye mbuzi pembe.

"Za mvua, mwalimu, ni maji," alisema. "Za kiangazi ndizo asali."

"Na bei, mzee?"

"Bei ni moja. Mizani haina ulimi."

Nimeyafikiria sana maneno hayo, kwa maana ndani yake mna uhakiki wote wa mvinyo wetu mweupe. Ikiwa mnunuzi anapima kilo tu, mkulima mwenye akili atalima kilo. Atamwagilia mpaka siku ya kuvuna ili punje zivimbe. Ataacha vishada vyote mtini badala ya kupunguza nusu ili nusu ikolee. Hana kosa, kwani watoto wake hawali sifa. Kosa ni la wale wanaopokea mzigo bila kupima sukari yake, kisha wanalalamika kwamba zabibu za Dodoma ni hafifu. Kifaa cha kupima sukari ya zabibu hutia mfukoni, na tone moja la maji ya tunda linatosha.

Hapo ndipo mtindo wa mvinyo unapoamuliwa, siyo kiwandani. Kwa muda wa mwaka mmoja nilinunua chupa tano za mvinyo mweupe katika maduka ya mjini Dodoma, nikazionja kwa utaratibu, baridi, bila chakula, kisha pamoja na chakula. Sitazitaja kwa majina. Mbili zilikuwa tamu mno, na utamu wake haukuwa wa tunda bali wa sukari iliyokuja baadaye, ukikaa juu ya mvinyo kama mafuta juu ya maji. Ukinywa bilauri moja umekinai. Ya tatu iliitwa kavu, na kweli ilikuwa kavu, lakini ilikuwa imepikwa: rangi imeshakuwa ya chai ya rangi, na harufu ni ya tufaha lililosahauliwa mezani. Hiyo siwezi kuwalaumu waliomtengeneza. Nilipoinunua ilikuwa imesimama rafuni chini ya bati, mahali jua la saa nane linapopiga. Ya nne ilikuwa safi na haina kosa lolote na haina neno lolote la kusema. Ya tano ndiyo iliyonifanya niandike. Ilikuwa na harufu ya pera bichi na nyasi kavu, na ugwadu wake ulikuwa ule wa ubuyu mweupe, ulioanza mbele ya ulimi na kumalizikia kooni bila haraka. Niliinywa na kuku wa kienyeji na mlenda, na, amini usiamini, mlenda ulipatana nayo kuliko kuku.

Nikatazama karatasi ya chupa ile ili nijue ni ya shamba gani, ya msimu gani, ya mwaka gani. Ilisema Dodoma, Tanzania. Basi.

Hili ndilo lawama langu kubwa, na naomba lisichukuliwe kuwa kisirani cha mtu mzima. Watu wanapouliza kama Tanzania ina mitindo ya kimkoa ya mvinyo mweupe, tunajibu haraka kwamba zabibu zote ni za Dodoma, kwa hiyo mtindo ni mmoja. Si kweli. Kwanza Dodoma si shamba moja. Udongo mwekundu wa kichanga wa Makutupora si udongo wa Hombolo penye bwawa, wala si wa Bihawana, wala wa vijiji vya Mpunguzi na Mbabala, wala wa Chamwino na Mvumi. Pili, na hili ni kubwa zaidi, sisi tunacho kitu ambacho Mfaransa hana: tofauti yetu kubwa haiko kati ya kijiji na kijiji bali kati ya msimu na msimu katika shamba lile lile. Vouvray husubiri mwaka mzuri. Makutupora mwaka mzuri na mwaka mbaya huja pamoja ndani ya miezi kumi na miwili. Mvinyo wa masika na mvinyo wa kiangazi ni mitindo miwili halisi, imetokana na mbingu na ardhi yetu wenyewe, na tunaichanganya katika pipa moja na kuipaka sukari ili isitambulikane.

Wapo watakaosema kwamba mnywaji wetu anapenda vitamu na ndiye anayelipa. Hoja hii ina nguvu na sitaki kuidharau. Mnywaji aliyezoea soda atautaka mvinyo mtamu, na kiwanda lazima kiishi. Lakini utamu nao una adabu yake. Wale wa Coteaux du Layon hutoa mvinyo mtamu kuliko wetu, na haukinaishi, kwa sababu sukari yake ni ya tunda lenyewe na ugwadu upo chini yake ukiubeba. Kiangazi chetu kinaweza kuzikausha zabibu mtini bila ukungu wowote. Kwa nini tusiutafute utamu wetu huko? Mfuko wa sukari ni njia fupi, na kila mwenye kiwanda popote duniani anaweza kuipita.

Tena kuna jambo la kuchekesha. Sheria ya Kanisa Katoliki, katika Mkusanyo wa mwaka 1983, inadai kwamba divai ya misa iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, na isiyoharibika. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi kipimo kikali kuliko vyote cha mvinyo katika mkoa wa Dodoma kimekuwa altareni, na yule padre anayekunywa kidogo alfajiri amehakikishiwa usafi kuliko mlevi anayelipia chupa nzima jioni. Serikali nayo ina kipimo chake, katika sheria ya ushuru wa bidhaa, inayotoza ushuru mdogo sana mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za hapa nchini. Ni sheria nzuri, nami naiunga mkono kwa dhati, kwani bila hiyo mchuzi wa kuagiza ng'ambo ungewamaliza wakulima. Lakini inapima zabibu zimetoka wapi tu. Haiulizi zilikuwa katika hali gani zilipokatwa, na wala si kazi yake.

Nimesema nitavirudia visima. Bonde la Makutupora ndilo linaloupa mji wa Dodoma sehemu kubwa ya maji yake tangu zamani. Vipimo vya kina cha maji yale vimewekwa kwa zaidi ya nusu karne, na mwaka 2013 wanasayansi walivichapisha katika jarida la Nature Climate Change, rekodi ya miaka 55. Waligundua kwamba maji ya chini ya ardhi pale hayajazwi na mvua ya kawaida ya kila mwaka. Hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa sana, mingi ikiwa ya El Niño, kama ule wa 1997/98, na kati ya msimu mmoja wa namna hiyo na mwingine kina hushuka tu, kidogo kidogo. Na tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo, midomo inayoyategemea maji yale imeongezeka sana.

Msomaji atauliza hili linahusu nini na ladha. Linahusu sana. Zabibu bora za Dodoma ni za kiangazi, na zabibu za kiangazi hazipati tone la mvua. Huishi kwa kumwagiliwa. Kila chupa ya mvinyo mzuri mweupe inachota katika kisima kile kile anachochota mama wa Veyula na karani wa wizara. Kama maji hayo yatakwenda kwenye punje za kuvimbishwa ili zipande mizani, zikatoe mvinyo wa kutiwa sukari, basi ni maji yaliyotupwa, nami sitakuwa na la kujibu siku mji utakaposema mizabibu ing'olewe vipimwe viwanja. Nimekwisha kuona vigingi vya mawe katikati ya mashamba yaliyokuwa na mizabibu. Njia ya matone inatumia maji machache, na mzabibu unaopewa kiu kidogo wiki za mwisho kabla ya kuvunwa hutoa tunda bora zaidi. Hapa mlinzi wa maji na mpenzi wa mvinyo wanataka kitu kimoja, jambo ambalo halitokei mara nyingi.

Wenzangu wa Kianglikana waliolelewa Mvumi, ambako kileo hakikuwahi kupendwa, na Waislamu wa mjini, wanaweza kusema kwamba haya yote ni mashauri ya walevi. Nawaheshimu. Lakini wao pia wanao ndugu na jamaa wanaokula kwa jasho la mizabibu, na ndugu huyo akilipwa kwa ubora wa zabibu zake hatawaambia walikunywa nini waliozinunua.

Ninachokitaka ni kidogo. Nataka chupa moja tu, ya zabibu nyeupe peke yake, za shamba linalojulikana pale Makutupora, zilizopogolewa mvua zilipokatika na kuvunwa Agosti, asubuhi kabla ya jua kupanda, zikakamuliwa siku ile ile, zisiongezwe sukari. Karatasi yake iandikwe: Makutupora, nyeupe, kiangazi, na mwaka. Mkulima wake alipwe kwa sukari iliyomo katika tunda. Na mwenye duka aiweke kivulini.